Kununua boti ya kwanza ya familia: anza na uzito, si viti

Likizo za shule zikifika, fuo za Karagita na Kamere hujaa watu. Familia hutoka Naivasha mjini, Gilgil, Nakuru na hata Nairobi kuja kuona viboko, tai wavuvi na Kisiwa cha Crescent. Wengi hukodi boti kwa saa moja kisha wakarudi nyumbani. Wapo pia wanaowazia kununua boti yao wenyewe: familia yenye shamba kando ya ziwa, ndugu wanaochanga pamoja, au chama kinachotaka boti ya matembezi ya wanachama mwishoni mwa wiki.

Boti inayowavutia wengi wao ni ile iitwayo pontuni. Ni sakafu bapa iliyowekwa juu ya mitungi miwili mirefu ya aluminiamu iliyojaa hewa na kuzibwa pande zote. Juu ya sakafu kuna viti vya kochi, reli ya kuzunguka na paa la turubai. Nyanya anaweza kupanda bila kurukaruka, watoto wana nafasi ya kukaa, na chakula kinaandaliwa mezani kama nyumbani. Aina hii ilianzia jimbo la Minnesota nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950, pale Ambrose Weeres alipofunga jukwaa la mbao juu ya mitungi ya chuma ili familia zitembee katika maziwa madogo yaliyotulia. Maneno hayo mawili ya mwisho yanafaa kukumbukwa. Pontuni ilibuniwa kwa maji yaliyotulia, na ubora wake wote unatokana na hilo.

Makala hii inaeleza mambo ambayo mnunuzi wa mara ya kwanza anapaswa kuyapima kabla ya kutoa pesa. Anayekodi anaweza kuuliza maswali yaya haya ufuoni.

Boti inabeba watu wangapi kweli?

Mnunuzi akifika kwa muuzaji, mazungumzo huwa hivi: "Mzee, hii inabeba watu kumi na wanne bila shida. Hesabu viti mwenyewe." Na kweli viti ni 14. Lakini maji hayajui viti. Yanajua kilo.

Hesabu yake si ngumu, na kijana yeyote wa sekondari anaweza kumsaidia mzazi kuifanya. Chukua pontuni yenye mitungi miwili, kila mmoja urefu wa mita 6 na upana wa sentimita 60. Nusu ya upana ni mita 0.3. Zidisha 0.3 kwa 0.3, kisha kwa 3.14, kisha kwa urefu wa mita 6. Jibu ni takriban mita za ujazo 1.7. Mita moja ya ujazo ya maji baridi ina uzito wa kilo 1,000, kwa hiyo mtungi mmoja ukizamishwa wote unaweza kubeba takriban kilo 1,700, na yote miwili kilo 3,400.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kilo 3,400 si uwezo wa boti. Ni kiwango ambacho boti inaanza kuzama. Mafundi wengi hufuata kanuni kwamba boti iliyopakiwa na kutulia isizamishe mitungi zaidi ya nusu. Nusu ya 3,400 ni 1,700. Toa uzito wa boti yenyewe pamoja na sakafu, viti, paa, injini, betri na mafuta; kwa boti ya ukubwa huu tuseme ni kilo 900. Zinabaki kilo 800. Toa kilo 50 za maji ya kunywa, barafu, sufuria na nanga. Zimebaki 750, yaani watu wazima 10 wa kilo 75 kila mmoja. Viti 14, watu 10.

Je, hao wanne wa ziada wana madhara gani ikiwa bado kuna hewa mitungini? Jibu liko katika tabia ya pontuni inapoinama. Kwa kuwa mitungi imetengana, boti husimama imara sana mwanzoni, hata mtu akitembea kutoka upande mmoja hadi mwingine haitikisiki. Uimara huo humfanya abiria ajisahau. Upande mmoja ukilemewa, mtungi wa upande huo hushuka na kuendelea kusukuma juu kwa nguvu zaidi, mpaka umezama wote. Baada ya hapo hauna tena cha kuongeza. Boti ya kawaida yenye tumbo moja humwonya abiria mapema kwa kuyumbayumba. Pontuni hunyamaza, kisha hupinduka.

Turudi kwenye hesabu. Kiboko ametokea upande wa kulia, na kila mtu amekimbilia huko na simu mkononi. Nusu ya uzito wa boti, kilo 450, iko juu ya mtungi wa kulia. Ongeza watu 14, ambao ni kilo 1,050, na mizigo ya kilo 50. Jumla ni kilo 1,550 juu ya mtungi ambao mwisho wake ni 1,700. Zimebaki kilo 150 tu, ambazo wimbi moja au upepo chini ya turubai unaweza kuzimaliza. Watu wakiwa 10, jumla ni 1,250, na akiba ya kilo 450 inabaki. Tofauti ya wale wanne ni hiyo.

Kilichotokea Baltimore

Si hesabu za darasani pekee. Tarehe 6 Machi 2004, pontuni ya kuvusha abiria iliyoitwa Lady D ilikuwa ikitoka eneo la Fort McHenry katika bandari ya Baltimore, Marekani. Ndani mlikuwa na watu 25, wawili wakiwa wahudumu. Upepo mkali wa ghafla uliipiga, ikapinduka. Watu watano walikufa, ingawa wanajeshi wa akiba waliokuwa karibu walifika haraka na kuwaokoa wengi.

Jambo la kushangaza ni kwamba boti hiyo haikuwa imezidisha idadi. Cheti chake kiliruhusu watu 25, na watu 25 ndio waliokuwamo. Wachunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani walipochimba, waligundua kuwa idadi hiyo ilitokana na kipimo kilichofanyiwa boti nyingine iliyodhaniwa kufanana nayo. Isitoshe, kipimo kilichukulia kwamba mtu mmoja wa wastani ana pauni 140, yaani kilo 64 hivi. Watu waliokuwa ndani ya Lady D siku hiyo walikuwa na wastani wa pauni 168, takriban kilo 76. Kilo 12 kwa kila mtu mara 25 ni kilo 300 ambazo hakuna aliyezihesabu. Mwezi Desemba 2011, walinzi wa pwani wa Marekani walianza kutumia wastani mpya wa pauni 185, karibu kilo 84, kwa vyombo vya abiria.

Kwa mnunuzi wa Naivasha maana yake ni moja: ukiona kibati cha uwezo kwenye boti iliyotoka ng'ambo, soma kilo kwanza, kisha idadi ya watu. Kama boti ni ya zamani, huenda idadi iliyoandikwa ilipigwa kwa watu wepesi kuliko wajomba wako. Na kama kibati hakipo, au kimebanduliwa na kubandikwa kingine, piga hesabu iliyo hapo juu kwa futi ya kupimia, ukiwa pale pale kwa muuzaji.

Watu wanaoziogopa pontuni baada ya kusikia haya wasiende mbali mno. Uganda ilipoteza zaidi ya watu 30 tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe MV Templar ilipozama katika Ziwa Victoria ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, na hiyo haikuwa pontuni. Kila umbo la boti lina mpaka wake.

Ziwa letu lina tabia zake

Naivasha asubuhi na Naivasha saa tisa alasiri ni maziwa mawili. Wavuvi wanajua kwamba maji hutulia kuanzia alfajiri, kisha upepo huanza kuvuma kadiri jua linavyopanda, na alasiri mawimbi huwa mafupi na yaliyofuatana kwa karibu. Wimbi la aina hiyo ndilo baya zaidi kwa pontuni. Mitungi haina ncha ndefu ya kupanda juu ya wimbi. Sehemu ya mbele ikilemewa na watu waliokaa kupunga hewa, boti huchimba wimbi badala ya kulipanda, na maji hutiririka juu ya sakafu. Nahodha akishtuka na kupunguza kasi ghafla, sehemu ya mbele huinama zaidi. Dawa ni kuwarudisha watu katikati na nyuma kabla ya kuvuka eneo la wazi, na kupunguza kasi polepole.

Paa la turubai nalo ni raha ya mchana na tanga la alasiri. Nunua boti ambayo paa lake linakunjwa na mtu mmoja kwa dakika chache, na mwombe muuzaji akuonyeshe akilikunja.

Kuna pia visiki. Tangu maji ya ziwa yalipopanda na kufurika mitaa kama Kihoto mwaka 2020, migunga mingi iliyokuwa nchi kavu imesimama majini ikiwa imekauka. Inayoonekana si tatizo. Tatizo ni iliyovunjika na kubaki chini kidogo ya uso wa maji. Aluminiamu ni nyepesi na haipati kutu kama chuma, lakini kisiki kinaweza kuitoboa. Kwa hiyo uliza kama kila mtungi umegawanywa ndani kwa kuta katika vyumba vitatu au zaidi. Ukitoboka chumba kimoja, vingine huendelea kubeba. Mtungi usiogawanywa ukitoboka hujaa wote, na hesabu yote tuliyoifanya inakwisha. Ikiwa kuna swali moja tu utakalomwuliza muuzaji, liwe hilo.

Gugumaji nalo hujisokota kwenye rafadha, ambayo wengi huiita propela, na kuizima injini. Boti isiyo na makasia au mti wa kusukumia itasukumwa na upepo hadi kwenye mafunjo, ambako viboko hupumzika mchana. Kiboko si mnyama wa kuzoea. Mwezi Agosti 2018 mtalii aliyekuwa akipiga picha ufuoni hapa Naivasha aliuawa na kiboko. Pontuni haina kimo kikubwa juu ya maji wala haigeuki haraka, kwa hiyo umbali ndio kinga yake.

Injini: mwinuko unakula nguvu

Boti nyingi na ushauri mwingi wa mitandaoni hutoka mahali palipo usawa wa bahari. Naivasha iko takriban mita 1,890 juu yake. Hewa huku ni nyembamba, na injini ya kawaida ya petroli hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Kwa hesabu hiyo, injini iliyoandikwa nguvu farasi 60 inafanya kazi hapa kama ya 49. Aliyeambiwa kwamba 40 zinatosha kwa boti yake huko Mombasa atajikuta hapa na kama 33, akirudi nyumbani dhidi ya upepo wa alasiri na familia nzima ndani.

Suluhisho si lazima liwe injini kubwa kupita kiasi, kwa maana hiyo nayo huongeza uzito nyuma na kuinua bili ya mafuta. Mara nyingi kubadilisha rafadha na kuweka inayosukuma maji pungufu kidogo kwa kila mzunguko hurudisha sehemu ya nguvu hiyo. Fundi wa boti wa hapa Naivasha atalielewa hilo kuliko muuzaji wa mbali, na ada ya kwenda naye kukagua haitakuwa hasara.

Kuhusu mafuta, injini ya nguvu farasi 60 ikifunguliwa yote inaweza kunywa zaidi ya lita 20 kwa saa. Ukienda taratibu hutumia chini ya nusu ya hapo. Manahodha waangalifu hugawa tangi mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi isiyoguswa.

Ukinunua iliyotumika

Wengi wataanza na boti iliyotumika, na hilo halina aibu. Isipokuwa mkague ikiwa majini na pia ikiwa imetolewa nje. Ikiwa majini na haina mtu, simama mbali kidogo na uangalie kama imelala sawa. Upande ulioshuka huenda una maji mtungini. Ikiwa nje, fungua vizibo vya mitungi kama vipo. Maji yakitiririka, kuna tundu au mshono uliopasuka. Pitisha kidole kwenye maungio yaliyochomelewa, hasa pale mitungi inapofungwa kwenye sakafu, na tafuta nyufa nyembamba kama unywele. Rangi mpya mahali pamoja tu ni sababu ya kuuliza.

Sakafu nyingi ni za plaiwudi chini ya zulia au plastiki. Tembea kila pembe kwa kisigino. Mahali panapobonyea pameoza, na kubadilisha sakafu kunamaanisha kung'oa viti na reli zote. Injini iwashwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika huenda anaficha shida ya kuwaka. Tazama kama maji ya kupoza yanatoka kwa mkondo wa nguvu.

Kisha fanya jaribio ambalo wauzaji wengi hawalipendi. Omba kupakia boti kwa watu wazima idadi ile ile utakayobeba, wote wakiwa wamevaa jaketi za kuokolea maisha, boti ikiwa imefungwa kwenye gati penye maji mafupi. Weka alama kwa chaki mahali maji yalipofika kwenye mitungi. Waombe wasogee mbele polepole, kisha nusu yao waende upande mmoja, huku mtu akitazama alama kutoka gatini. Ukiona mtungi unakaribia kuzama wote, wasimamishe hapo. Umepata jibu lako, na halijakugharimu kitu.

Jaketi na karatasi

Boti huuzwa na jaketi zilizobaki, mara nyingi za watu wazima tu. Jaketi ya mtu mzima humtoka mtoto juu ya kichwa akiingia majini. Mtoto apimwe jaketi kwa uzito wake, iwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, na umwinue kwa mabega ya jaketi. Ikipanda hadi masikioni, si yake. Jaketi ivaliwe tangu ufuoni. Iliyofungiwa chini ya kiti haimsaidii mtu boti ikipinduka, kwa sababu hicho kiti nacho kiko chini ya maji.

Kwa upande wa sheria, anayesimamia usalama wa vyombo vya majini nchini, maziwani pamoja na baharini, ni Mamlaka ya Ubaharia ya Kenya, KMA. Boti inapaswa kukaguliwa na kusajiliwa, na anayeiendesha awe amehitimu. Mnunuzi aombe karatasi za usajili na ukaguzi kabla ya kulipa, na alinganishe nambari iliyo kwenye karatasi na ile iliyo kwenye boti na kwenye injini. Chama kinachofikiria kukodisha boti siku ambazo wanachama hawaitumii kiliseme hilo mapema kwa KMA, kwa sababu kubeba abiria kwa malipo si sawa na kumtembeza shangazi, na bima pia hubadilika.

Mwisho, tafuta mahali pa kuifunga kabla ya kuinunua. Ufuo wa Naivasha husogea. Mahali palipokuwa gati miaka michache iliyopita pako chini ya maji, na maji yakirudi nyuma, boti iliyofungwa kwa kamba fupi hubaki matopeni ikiwa imeinama. Kamba iachwe na urefu wa kutosha na ikaguliwe kila wiki. Usiku viboko hutoka kwenda kula nyasi na hurudi alfajiri kwa njia zao walizozizoea, na boti isiachwe katikati ya njia hizo. Mlinzi au mvuvi wa jirani ataonyesha zilipo.